Betri ya Ng'ambo ya Bonde

Fundi alifungua kifuniko cha kwanza, na harufu ikanifikia nikiwa mlangoni na ndoo mkononi. Nikasimama. Mume wangu alidhani nimeogopa asidi, akaniambia nirudi ndani. Sikuwa naogopa chochote. Nilikuwa naona wivu, wivu wenyewe, ule wa kukaza meno, mbele ya betri ya sola iliyokaa stoo tangu tulipovutiwa umeme hapa mjini. Na niliyemwonea wivu hakuwapo hata pale uani.

Wapo watu ambao utoto wao unanukia maandazi. Wangu unanukia asidi ya betri, ukali fulani unaokwaruza koo, kama siki iliyomwagwa juu ya misumari yenye kutu. Nikiisikia tu narudi Mgeta, kwenye uwanja wa nyumba yetu, nimesimama nyuma ya kinu na beseni tupu, namtazama baba yangu ameinama juu ya betri bega kwa bega na Shomari.

Shomari ni mtoto wa shangazi yangu, dada pekee wa baba. Alinizidi umri kidogo tu, lakini alikuwa na mabega mapana na sauti nzito ya kujifanya, na alikuwa na tabia ya kwenda kukaa popote alipokuta baba amekaa. Siku za kucheza nilimpenda. Siku nyingine zote sikumpenda, na sababu ilikuwa neno moja alilolitamka kwa raha zote, akilivuta mwishoni kama mtu anayeita mbuzi wake mwenyewe: mjomba.

Hapa inabidi nieleze jambo kwa ambao si wa kwetu, la sivyo mtaniona nilikuwa mtoto wa kudeka tu. Sisi Waluguru mtoto ni wa upande wa mama. Ukoo wako, lukolo kama wazee wanavyouita, ni wa mama yako. Shamba utapewa na wajomba zako. Ukiharibu jambo kubwa, wanaoitwa kikaoni ni wajomba zako. Baba ni baba, anakulea, anakulisha, anakubeba mgongoni ukiumwa. Lakini watoto anaoulizwa habari zao na ukoo wake ni wale wa dada yake. Nyumba yetu ilisimama kwenye ardhi ya ukoo wa mama. Baba alikuja pale kama mkwe, na wapo wazee wa upande ule waliomwita mkwe mpaka mvi zilipomjaa.

Utotoni sikuyajua haya kwa maelezo. Niliyajua kwa macho. Nilijua kwamba Shomari akiita "mjomba" baba anageuka upesi kuliko mimi nikiita "baba". Mimi nami nilikuwa na mjomba wangu, ndiyo, lakini wangu alikuwa Ifakara kwenye mpunga, alikuja misibani na kofia yake, akanishika kichwa, akauliza niko darasa la ngapi, akaondoka kabla hajajibiwa. Mjomba wa Shomari alilala kwetu. Hapo ndipo palipokuwa na kidonda.

Betri ilikuja siku moja baada ya mazishi ya mzee wa ng'ambo. Ng'ambo ilikuwa upande wa pili wa bonde, kwenye ardhi ya ukoo wa baba, ambako shangazi alikaa na wanawe katika nyumba ya mzee huyo, mjomba wa baba na shangazi. Yule mzee alipofariki, baba ndiye aliyeachiwa kuangalia nyumba ile na watu wake. Alikwenda kule kusaidia kutoa vitu, akarudi na gunia begani, anatembea kiupande kwa uzito. Shomari alikuwa nyuma yake, mikono mitupu, lakini anatembea kana kwamba yeye ndiye aliyebeba.

Baba alilitua gunia karibu na jiko la nje na kuifunua betri. Ilikuwa betri kubwa ya lori, nyeusi, imekaa uvunguni mwa kitanda cha mzee kwa miaka mingi. Vumbi lilikuwa limeganda juu yake kama ukoko wa ugali, na vichwa vyake viwili vimeota kitu cha kijani na cheupe, laini kama ukungu wa mkate. Nilidhani ni mmea. Nilimwambia mama kwamba kitu kile kimeota, na mama akasema kila kitu kikisahauliwa kinaota.

Sisi tuliokua kabla nguzo za umeme hazijapanda milimani tunajua betri ilikuwa nini. Nyumba yenye betri ilikuwa na taa nyeupe, redio isiyokatika katikati ya habari, simu za majirani zimepangwa dirishani zikichajiwa. Watoto wa nyumba hiyo hawakwenda kuning'inia kwenye madirisha ya watu kutazama televisheni. Wao ndio waliofunga madirisha. Nilipoiona ile betri kwenye uwanja wetu, nilijihesabu tayari miongoni mwa wanaofunga madirisha.

Kwa akili yangu hapakuwa na swali. Kitu kikiletwa kwenu, kikaoshwa kwenu, na aliyekileta ni baba yako, ni chenu. Sikujua kwamba baba aliileta kwetu kwa sababu ya jua tu. Nyumba ya shangazi ilikuwa imejibana kwenye kikunjo cha mlima, ukungu ulikaa pale mpaka adhuhuri, ilhali uwanja wetu ulipata jua tangu asubuhi. Na juu ya bati letu ndipo palipokuwa na paneli ndogo ya sola ambayo baba aliitumia kuchaji simu.

Baba alijua betri kwa sababu alikuwa utingo wa malori ya mboga kabla ya kuoa. Alipanda juu ya kabichi na karoti kwenda Dar akarudi, na lori likigoma kuwaka asubuhi kwenye baridi ya kwetu, yeye ndiye aliyetumwa kufungua boneti. Alipoacha kazi ile na kushika jembe hakuacha kuipenda. Nilimwona usoni jioni ile alivyokaa mbele ya betri, amesahau chai yake. Sijawahi kumwona akikitazama kitu chetu chochote namna ile, na nikaanza kuona wivu hata kwa betri yenyewe.

Kesho yake alianza kazi. Alichemsha maji, akakoroga magadi, akamimina kidogo kidogo kwenye vile vichwa viwili. Ule ukungu wa kijani ulichemka na kutoa povu, ukayeyuka, na chini yake pakatokea madini ya risasi, ya kijivu, yanayong'aa. Aliisugua kwa mswaki wa zamani. Kabla hajafungua vifuniko alichukua kinu cha mama, akakibingirisha mpaka katikati ya uwanja, akakisimamisha. Kisha akanitazama.

"Wewe mwisho wako hapa," akasema. "Usivuke kinu."

Nilingoja amwambie na Shomari. Hakumwambia. Shomari alikipita kinu kama si kitu, akaenda kuchuchumaa kando ya baba, na baba akamkabidhi tochi amulike ndani.

Waliyokuwa wakiyaona ndani ya vile vyumba sita vya betri, mimi niliyasikia tu. Nilimsikia baba akisema maji yamekauka, pleti za risasi za ndani zimebaki wazi, zimepakwa weupe kama zimenyunyiziwa unga. Shomari akauliza kwa sauti yake ile kama tununue asidi tuongeze. Baba akasema hapana, hilo ndilo kosa la wengi. Asidi haikwenda popote, imejificha kwenye ule weupe. Ukiongeza nyingine unaimaliza kabisa. Kinachotakiwa ni maji masafi na umeme wa polepole, mpaka weupe uachie kilichomo. Shomari akaitikia "sawa mjomba" kama fundi mwenzake. Nilifunga vidole kwenye mdomo wa kinu nikavibana mpaka vikauma.

Nami nilipewa kazi, nisiseme uongo. Kazi yangu ilikuwa maji. Maji ya mto yana udongo na chumvi, maji ya kwenye bati yana kutu, kwa hiyo baba alitaka maji ya mvua yaliyoanguka moja kwa moja kutoka mbinguni. Nilipewa beseni la plastiki na kigoda, niliweke mahali pa wazi, mbali na paa na mbali na mgomba, na nilinde kuku wasilisogelee. Kwetu mvua si kitu cha kutafutwa. Ilikuja mchana uleule, na mimi nikasimama kando ya beseni langu nimejifunika gunia, nimelowa, naona fahari ya ajabu. Nilifikiri baba atanikaribisha kwa maji yangu. Alikuja mpaka kwenye kinu, akalipokea beseni kwa mikono miwili, akanishukuru vizuri kabisa, kisha akalibeba na kwenda kumpa Shomari ayamimine.

Shomari aliyamimina maji yangu kwa chupa iliyotobolewa kifuniko, chumba kimoja baada ya kingine, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo. Nilitamani amwage. Hakumwaga hata tone.

Ukaanza wakati mrefu wa kungoja. Baba aliunganisha nyaya kutoka kwenye paneli, na betri ikawa inakaa juani siku nzima, imelazwa juu ya ubao ili isiguse udongo. Jioni Shomari alikuja mbio kutoka shule, akavuka bonde, akafika anahema, akanipita bila kunisalimia. Baba alikuwa amekwisha kuzitoa nyaya mapema. Hakuwa akiipima hapo hapo. Alisema betri iliyotoka tu juani inadanganya, inajionyesha ina nguvu ambazo hazina mizizi. Iache ipumzike kwanza, ndipo uiulize. Kwa hiyo walikaa wawili wakiingojea, wakizungumza. Ule muda wa kungoja ndio ulioniumiza kuliko vyote. Baba alimsimulia Shomari habari za barabarani, za lori lililolala njiani na kabichi zikaoza, za dereva aliyeogopa paka. Mimi sikuwa nimewahi kusimuliwa habari ya paka. Niliisikia mara ya kwanza kutoka nyuma ya kinu, nusu nusu, na walipocheka sikujua walichokichekea.

Kisha walileta balbu ya taa ya gari, wakaigusisha. Siku za kwanza uzi wa ndani ulionekana mwekundu kidogo, ukafifia kama jicho la mtu mwenye usingizi. Siku zilivyokwenda ukakaza kuwa wa rangi ya chungwa, kisha wa manjano. Baba alikuwa ameazima pia kipimo cha asidi, bomba la kioo lenye mpira wa kubonyeza juu na kijiti kinachoelea ndani. Unabonyeza, unaingiza kwenye chumba, unaachia, majimaji yanapanda, unatazama kijiti kimeelea wapi. Shomari ndiye aliyebonyeza. Vyumba vitano vilipanda vizuri pamoja, na kimoja cha pembeni kikabaki nyuma. Vile vingine vilianza kutoa mapovu madogo jua likiwa kali, hiki kilinyamaza. Baba alihangaika nacho. Alisema kikigoma hiki, vingine vyote kazi bure.

Ilikuwa katika siku hizo Shomari aliponiambia. Tulikuwa tunachota maji kisimani, na akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba chumba cha pembeni kikipona wataipeleka kwao. Kuna nyaya zimeshafungwa ndani ya nyumba, tangu enzi za marehemu. Atasomea taa, maana ana mtihani wa darasa la saba, na mama yake atasikiliza redio. Nilimwambia ni mwongo. Akacheka, akasema betri ni ya babu yao, mimi ilinihusu nini.

Nilimkimbilia mama. Mama alikuwa anamenya njegere, hakuinua kichwa. Akasema nikamuulize baba yangu. Kwa jinsi alivyosema nilijua jibu, kwa hiyo sikwenda kumuuliza. Kama sikuuliza, basi bado ilikuwa yetu. Badala yake nilichukua kitambaa cha kufuma ambacho mama alifunikia redio wageni wakija, nikafagia pembe ya sebuleni karibu na dirisha, nikapanga mawe mawili na ubao juu yake, nikatandika kile kitambaa. Mama alikiona. Alikitazama kitambo, akaenda zake jikoni. Mpaka leo sijui kwa nini hakukiondoa.

Kuanzia hapo nilikuwa na moyo wa watu wawili. Nilitaka betri ipone, kwa sababu nilikuwa nimeitandikia. Na nilitaka chumba kile cha pembeni kife kabisa, ili Shomari asiwe na sababu ya kuvuka bonde. Kwenye swala ya magharibi, nyuma ya mama, niliomba hili, kesho yake nikaomba lile.

Siku kile chumba kilipotoa mapovu, Shomari alipiga yowe, na mimi nikasahau. Nilikivuka kinu. Nilifika mpaka nikaona, kwa nukta moja tu, vitone vidogo vikipanda kutoka gizani na kupasuka, na harufu ile ikanipiga usoni, na nikafikiri ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona. Kisha baba akanidaka mkono na kunirudisha kwa nguvu ambayo hakuwahi kuitumia kwangu. Nililia, si kwa maumivu. Nilimuuliza mbona Shomari haungui.

Baba alikuwa anahema kwa hofu. "Shomari akiungua nitagombana na dada yangu, na yataisha," akasema. "Wewe ukiungua nitaitwa na wajomba zako. Nitawajibu nini kuhusu mtoto wao?"

Alisema kwa kujali, sasa naelewa hivyo. Mtu mzima anajua tofauti kati ya mzazi asiyekutaka karibu na mzazi anayeogopa kukuharibu. Mimi wakati ule nilisikia jambo moja, kwamba nimeazimwa. Nilikuwa kama kile kipimo cha kioo alichokishika kwa uangalifu mno kwa sababu kilikuwa na mwenyewe. Vitu vyake mwenyewe alivishika ovyo, akavigonga, akavipigia kelele, akavituma. Shomari alipigwa kofi la kisogoni alipokosea kuunganisha waya mwekundu na mweusi, na mimi nililionea wivu hata lile kofi.

Ilikuja siku ya kuijaribu mara ya mwisho. Baba aliwasha balbu mbili baada ya alasiri, akaziacha. Majirani walipita, wakasimama, wakatoa shikamoo na pole kwa kazi, wakaondoka. Adhana ya magharibi ilipolia balbu zilikuwa bado zinawaka, nyeupe, hazijatikisika. Baba alizizima, akaifuta betri kwa kitambaa kikavu, akasema imerudi. Alisema pia haitakuwa kama mpya, itakuwa na uchovu wake, lakini kwa taa na redio inatosha. Kesho yake, jua likiwa bado juu, alikuja na gunia safi na kipande cha mti cha kubebea.

Nilikuwa nimevaa gauni langu la Idd. Hakuna aliyeniambia nilivae. Nililivaa kwa sababu niliona siku hiyo ni ya kuvaa, siku ambayo betri ingeingia ndani na kukaa kwenye kitambaa. Nilipoona gunia nilipita kinu kwa mara ya pili, nikaenda moja kwa moja, nikakaa juu ya betri.

Shomari alisema niondoke. Nikamwambia aje anitoe. Akamtazama baba, na baba akamwambia atangulie akafungue njia kwenye mahindi. Tukabaki wawili. Nilikuwa nimekishikilia kipini cha betri kwa mikono yote, nimeinamisha kichwa, najua atanivuta, nimejiandaa kuvutwa. Hakunivuta. Alichuchumaa mbele yangu mpaka macho yake yakawa chini ya macho yangu.

"Inuka mwanangu, itakuunguza."

Nilimwambia ikiniunguza aende akawajibu wajomba. Alicheka kidogo puani, kisha kicheko kikamkauka. Alichokonoa uchafu kwenye kucha zake. Aliposema, alisema taratibu, kama anavyozungumza na mtu mzima.

"Kule nakwenda kwa sababu sina budi. Hata nikikasirika, hata nikiumwa, yule ni dada yangu na wale ndio watu ninaoulizwa. Hapa hakuna anayenishika. Nikiamka leo nikaondoka, hakuna wa kunifuata. Hapa narudi kwa sababu nataka mwenyewe. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Watu hudhani mtoto haelewi maneno kama hayo. Nilimwelewa vizuri, na ndiyo maana nilizidi kulia, kwa sababu neno nililolisikia kuliko yote ni kwamba anaweza kuamka akaondoka.

"Mimi nataka uwe huna budi," nikasema.

Baba alinitazama. Nafikiri alikuwa amejitayarisha kwa jibu lolote isipokuwa hilo.

"Hilo siwezi kukupa," akasema.

Akaninyanyua kwa kwapa, mwepesi kabisa, akanipeleka kwenye pipa la maji. Kabla ya kufanya jambo lingine lolote alinimwagia maji ya magadi, ya kuua asidi, mapajani na nyuma ya gauni, akanisugua, akanimwagia tena, akanikagua ngozi kama mtu anayetafuta kupe. Kisha akamwita Shomari. Walipitisha ule mti kwenye kamba, wakaiinua betri katikati yao, mmoja mbele na mmoja nyuma, wakateremka bondeni kwa hatua zinazolingana.

Gauni lilionekana zima. Mama alipolifua ndipo sehemu ya nyuma ilipoachia, tundu kwa tundu, mpaka ikawa kama chujio la chai. Mama alilinyanyua juani akacheka mpaka akakaa chini. Alilikata, akalishona upya kuwa blauzi ya mdogo wangu.

Siku ile walipoondoka nilikaa nje mpaka giza likaanza kuingia. Ng'ambo, kwenye kikunjo cha mlima, palikuwa kama siku zote, doa jekundu la kibatari na moshi. Kisha, ghafla, dirisha moja likawa jeupe. Halafu la pili. Nilisikia watoto wa shangazi wakishangilia, sauti zao zikivuka bonde zima, na katikati yao nikasikia kicheko cha baba. Mama alikuja akasimama nyuma yangu, akasema wamepata mwanga, alhamdulillahi. Nilisema alhamdulillahi na mimi. Ndani nilitamani mvua kubwa iyafunike yale madirisha.

Shomari alifaulu mtihani wake. Ana gari sasa, na shamba lote la ng'ambo liko mikononi mwake kama inavyostahili, na ni mtu mwema. Hunitumia njegere za msimu mpaka stendi ya Msamvu, huku mjini, kwa basi bila kuombwa. Baba alipozidiwa, ukoo wake ulikuja kumchukua kutoka nyumbani kwetu akafie kwao, na Shomari ndiye aliyempakata kwenye kiti cha nyuma. Nilishika mlango wa gari mpaka mama akanibandua vidole. Kaburi liko kule, upande wa ukungu. Nikienda kulizuru nafika kama mgeni, nakaribishwa vizuri, napewa kigoda.

Lakini siku ile ya betri alirudi. Alirudi usiku ulipoanza tu, na tochi yake, mikono inanuka asidi, akaomba chakula. Alirudi na jioni iliyofuata. Alirudi siku alizogombana na mama, alirudi na mvua, alirudi na malaria, miaka yote, kwenye ardhi isiyo yake, kwa watoto ambao hakuna aliyemuuliza habari zao. Nikiwasimulia wenzangu huniambia nilikuwa na bahati, kwamba huyo ndiye aliyependa, yule anayerudi bila kulazimishwa. Najua. Sina ubishi nao. Ila anayerudi kwa kutaka mwenyewe ni wa kusubiriwa. Kila jioni ya utoto wangu nilikaa karibu na mlango nikisikiliza ndala zake kwenye mawe ya njiani, na sikuweza kufumba macho kabla sijazisikia. Ng'ambo kule Shomari alisoma, akachoka, akazima taa, akalala.